Gemu tamu, pedi kaidi: kidole gumba ndicho kinachoumia

WAZAZI wengi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja, Kayole na Dandora, wanapomwona kijana akisugua kidole gumba au akikung'uta mkono baada ya kucheza gemu, huwa na jibu moja tu: "Ni hizo gemu zako." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halimsaidii mgonjwa. Ni sawa na kumwambia anayeumwa na tumbo kwamba ni hicho chakula chako, bila kuuliza ni chakula gani, kilipikwa vipi na kililala kwenye sufuria siku ngapi.

Kwani gemu si kitu kimoja. Yuko kijana anayecheza kandanda, mechi ikiisha anampisha mwenzake. Yuko wa mbio za magari. Kisha kuna aina nyingine ambayo wapenzi wake si wengi katika vibanda vya mtaani, lakini wanaoipenda huipenda kweli kweli: gemu za safari na mafumbo. Humo hamna mabao wala makelele. Mtoto au msafiri yuko peke yake katika ngome iliyohamwa, msitu wenye ukungu au jumba lenye giza. Muziki ni wa chini, mara nyingine ni sauti ya upepo na matone ya maji tu. Kazi ya mchezaji ni kutafuta njia. Asukume sanduku lipi? Avute mtaimbo upi? Aruke saa ngapi?

Mifano ipo mingi. Limbo ya mwaka 2010 na Inside ya mwaka 2016 zilitoka kwa kampuni ya Playdead ya Denmark. Little Nightmares ya mwaka 2017 ni ya Waswidi. Kabla ya hizo, Mjapani Fumito Ueda aliongoza utengenezaji wa Ico iliyotoka mwaka 2001 na Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, na baadaye The Last Guardian ya mwaka 2016. Gemu za namna hii husifiwa kwa mandhari. Na baadhi yake, licha ya sifa zote hizo, hulaumiwa kwa jambo moja linalorudi tena na tena: ni nzito kuziendesha. Mchezaji anabonyeza aruke, mtoto wa kwenye skrini anasitasita. Anataka kushika ngazi, anakumbatia ukuta. Kamera inageuka yenyewe na kumwonyesha jiwe wakati anataka kuona shimo.

Lawama hizo kwa kawaida husomwa katika kurasa za burudani. Sisi tunazileta katika ukurasa huu wa afya kwa sababu anayezilipia ni mkono.

Macho yafurahi, mkono uteseke

Chukua The Last Guardian. Ilitangazwa mwaka 2009 na wapenzi wakaingoja hadi Desemba 2016. Ni hadithi ya mvulana na mnyama mkubwa mwenye manyoya aitwaye Trico, wanaosaidiana kutoka katika magofu. Mnyama yule alisifiwa sana kwa kuwa anatenda kama mnyama wa kweli: anashtuka, ananung'unika, anaitwa haji. Hapo ndipo watu walipogawanyika. Wapo waliosema ukaidi wake ndio utamu wenyewe, na yeyote aliyewahi kusukuma mbuzi katika vichochoro vya Korogocho hawezi kuwapinga. Lakini kamera si mbuzi. Kamera inayokwama ukutani na mvulana anayejikwaa pale mchezaji alipotaka atembee taratibu havina utetezi wa namna hiyo, na wengi waliosubiri miaka saba walivunjika moyo hasa kwa ajili ya hayo mawili.

Katika Ico, mchezaji humshika msichana mkono kwa kubana kitufe cha R1 bila kukiachia. Katika Shadow of the Colossus, kitufe hicho hicho ndicho cha kung'ang'ania manyoya ya jitu huku likijitikisa ili likutupe chini. Majitu yenyewe ni 16. Wazo ni zuri mno: kidole chako kichoke kama mkono wa shujaa unavyochoka. Mtunzi alitaka uhisi uzito, na kweli unauhisi. Tatizo ni kwamba msuli haujui sanaa. Msuli uliokazwa kwa muda mrefu bila kulegezwa hubana mishipa yake midogo ya damu, na kidole kikaanza kuwaka moto hata kama moyo umejaa furaha. Gemu hiyo ilipotengenezwa upya na kutolewa mwaka 2018, iliwekewa mipangilio zaidi ya vitufe ili mchezaji achague inayomfaa.

Little Nightmares nayo ina kitufe cha kubana ili ushike na upande. Zaidi ya hapo, mtoto wa gemu hiyo hutembea mbele na nyuma ndani ya chumba, si kushoto na kulia tu. Macho hayapimi vizuri umbali huo kwenye skrini bapa. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anateleza kwenye ubao mwembamba na kuanguka, si kwa kukosa akili ya kujua njia, bali kwa kukosa upana wa kidole mmoja.

Sasa linganisha na Limbo. Humo kuna kutembea, kuruka na kushika, basi. Mchezaji akifa, na atakufa mara nyingi, anajua ni kwa nini amekufa. Akichoka, amechoka akili, na uchovu wa akili dawa yake ni usingizi.

Kujua jibu na kushindwa kuliandika

Hapa ndipo kiini cha maradhi kilipo. Fumbo gumu humfanya mchezaji atulie, aweke pedi magotini na afikiri. Mkono unapumzika. Lakini uendeshaji mbovu humfanyia kinyume chake. Akili imekwisha kupata jibu. Kilichobaki ni mkono ulifanye, na mkono haufaulu. Ni kama mtahiniwa anayejua jibu lakini kalamu haitoi wino. Anafanyaje? Anakandamiza. Anaandika juu ya maandishi. Anarudia.

Mchezaji naye huruka pengo lile lile mara 10, mara 20, mara 30. Kila akikosa, anabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe kina huruma. Mabega yanapanda hadi karibu na masikio, meno yanasagana, kifundo cha mkono kinapinda. Wataalamu wa viungo wana maneno matatu wanayoyaogopa kwa pamoja: kurudiarudia, nguvu, na mkao mbaya. Kila moja lina madhara yake, lakini yakikutana matatu, kano hazichukui muda kulalamika. Pedi kaidi huyakutanisha yote kwa jioni moja.

Na katika mitaa yetu, mambo mengine huongeza chumvi kwenye kidonda.

Kwanza ni pedi zenyewe. Nyingi vibandani zimepita mikononi mwa mamia ya watu. Mpira wa kijiti umekwisha, umebaki utelezi unaomlazimu mchezaji akandamize ili kidole kisihame. Ndani ya kijiti, katika pedi nyingi za kawaida, mna vipande vidogo vinavyosuguana ili kupima kijiti kimeelekea wapi. Vikilika, au vumbi la mtaa likiingia, pedi hudhani kijiti kimesukumwa ilhali hakuna aliyekigusa, na mtu wa kwenye skrini anaanza kutembea peke yake kuelekea shimoni. Wala usidhani ni shida ya vitu vikuukuu vya mtumba peke yake. Pedi ndogo za Nintendo Switch, mashine iliyotoka mwaka 2017, zilileta malalamiko ya namna hiyo duniani kote, hata rais wa kampuni hiyo akaomba radhi mwaka 2020 kwa usumbufu uliowapata wateja. Lakini mchezaji anapokuwa na pedi inayovuta kushoto, kidole gumba chake hufanya kazi ya kuvuta kulia saa nzima, kama dereva wa matatu ambayo magurudumu yake hayajanyooshwa.

Pili ni televisheni. Televisheni nyingi za siku hizi huipamba picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo huchukua sehemu ndogo ya sekunde. Kwa anayetazama habari hilo halina maana. Kwa anayeruka pengo ni janga: kidole kimebonyeza, picha imechelewa, anadhani hakubonyeza vya kutosha, anabonyeza tena kwa nguvu. Takriban televisheni zote mpya zina mpangilio ulioandikwa Game unaoondoa mapambo hayo. Mara nyingi hakuna aliyejishughulisha kuuwasha.

Tatu ni pesa. Katika vibanda vingi mteja hulipia mechi au dakika. Kwa kandanda hesabu hiyo ni ya haki. Kwa gemu ya mafumbo, inamaanisha kwamba kufikiri kunalipiwa. Kijana aliyetoa shilingi zake za mwisho hawezi kuweka pedi chini atafakari huku saa ikikimbia na wenzake wamejipanga mlangoni wakimpigia kelele atoke. Hivyo mapumziko yale ambayo gemu yenyewe ingempa mkono, saa ya kibanda inayanyang'anya.

Kano, ala yake, na mama anayefua

Ukinyoosha kidole gumba juu kama mtu anayesimamisha lori, utaona kano zikijitokeza kama kamba kwenye upande wa kifundo cha mkono. Mbili kati ya zinazokiendesha kidole hicho hupita ndani ya ala moja nyembamba, kama waya mbili ndani ya mrija mmoja. Kidole kikifanya kazi kupita kiasi, ala hiyo hunenepa, njia inakuwa finyu, na kano zikapita kwa shida na kwa maumivu. Maradhi haya hubeba jina la daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeyaeleza mwaka 1895. Enzi hizo hapakuwa na gemu yoyote ya video duniani.

Waliougua walikuwa nani basi? Wengi walikuwa wanawake, na kwa Kiingereza maradhi haya yaliwahi kuitwa kwa jina la wafuaji nguo, kwa sababu ya kule kukamua. Hadi leo huwapata sana akina mama waliojifungua karibuni, kwa kumwinua mtoto mara kwa mara huku vidole gumba vimetanuliwa chini ya kwapa zake. Kwa hiyo inawezekana kabisa, katika chumba kimoja cha Kayole, mama anayefulia watu nguo ili kulipa kodi ya nyumba na kijana wake anayecheza gemu wawe na ugonjwa mmoja, kwenye kifundo kile kile, mmoja akipewa pole na mwingine akitukanwa.

Mikono ya wachezaji imekuwa ikiandikwa katika majarida ya tiba kwa muda mrefu. Mwaka 1990, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumia kano ya kidole gumba cha kulia baada ya kucheza mashine ya Nintendo kwa saa tano bila kupumzika. Miaka kumi baadaye lilifuata jambo la ajabu zaidi. Gemu ya Mario Party, iliyofika Marekani mwaka 1999, ilikuwa na michezo iliyomtaka mchezaji azungushe kijiti kwa kasi iwezekanavyo. Watoto waligundua kwamba kiganja huzungusha haraka kuliko kidole. Viganja vikachubuka na kutoa malengelenge. Malalamiko yalifika kwa mkuu wa sheria wa jimbo la New York, na mwaka 2000 Nintendo ikakubali kuwapa wateja glavu za kukinga mikono. Glavu, kwa ajili ya mchezo wa kukaa kitako! Lakini angalau hapo ilikubalika hadharani kwamba aliyebuni jinsi ya kucheza anaweza kumwumiza anayecheza, na kwamba si kila kidonda ni kosa la mtoto.

Maumivu yasiyosikika

Kisa kinachotisha zaidi kilichapishwa mwaka 2015 katika jarida jingine la Marekani, JAMA Internal Medicine. Mwanamume wa miaka 29 alicheza gemu ya mafumbo kwenye simu, ile ya kupanga vitu vitatu vitatu, kutwa nzima kwa muda wa wiki sita hadi nane. Aliicheza kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiendelea na shughuli nyingine. Kano ya kidole gumba chake cha kushoto ilikatika, ikabidi apasuliwe. La kushangaza ni kwamba alipokuwa akicheza hakusikia maumivu. Madaktari waliomtibu waliuliza kama gemu yenyewe ndiyo iliyoyaficha.

Swali hilo si la mzaha. Kwa miaka mingi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle wamewavisha wagonjwa walioungua moto miwani ya kompyuta na kuwaingiza katika gemu iitwayo SnowWorld, bonde la theluji ambamo hurusha mipira ya theluji wakati vidonda vyao vinaposafishwa. Wengi husema maumivu yalipungua. Akili iliyozama katika ulimwengu mwingine hubakiwa na nafasi ndogo ya kusikiliza ngozi.

Basi fikiria gemu yenye ukungu, upepo na giza, iliyotengenezwa makusudi ili mchezaji azame asahau alipo. Kwa mgonjwa wa moto huo ni msaada. Kwa kijana mwenye pedi kaidi ni hatari, kwa sababu kengele ya mwili inalia na yeye hasikii hadi atakapozima mashine. Ndiyo sababu wengi husema mkono haukuuma wakati wa kucheza, uliuma asubuhi walipokuwa wakifungua mfuniko wa chupa au wakipindua ufunguo mlangoni.

Ukitaka kujipima nyumbani, weka kidole gumba ndani ya kiganja, kifunike kwa vidole vinne kama ngumi, kisha pindisha mkono taratibu kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Mvutano kidogo ni wa kawaida. Maumivu makali yanayochoma upande wa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, ni dalili ya ala iliyovimba. Usilirudie jaribio hilo kila baada ya dakika tano kama mtu anayechokonoa jino bovu, unaongeza maumivu.

Ganzi ni jambo tofauti. Ukiamka usiku ukakuta kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi na ukalazimika kukung'uta mkono, huenda ni neva inayobanwa katikati ya kifundo, na matibabu yake si yale yale.

Hasira na jina la ulevi

Kuvunjika moyo nako kuna mwili. Moyo hudunda haraka, pumzi hukatika, vidole hukaza. Pedi hurushwa ukutani, na baada ya pedi hufuata maneno makali kwa mdogo wako au kwa mama. Mzazi akiona hivyo huhitimisha kwamba kijana amelewa gemu. Shirika la Afya Duniani, WHO, kweli limeutambua ugonjwa wa kutawaliwa na gemu. Umo katika orodha yake ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Lakini masharti yake ni mazito. Mtu awe ameshindwa kujizuia, gemu iwe imetangulia mbele ya kila kitu maishani, aendelee nayo ingawa inamharibia, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kijana anayeenda shuleni au kazini, anayekula na kulala, lakini akapiga meza kwa sababu aliruka sawasawa na gemu ikakataa, hajafikia hapo. Ana hasira ya mtu aliyedhulumiwa, na safari hii huenda amedhulumiwa kweli.

Katika Eastlands swali kubwa kuliko hilo la ulevi ni la riziki. Wengi wa wachezaji si wanafunzi tena. Ni wasusi, vinyozi, mafundi wa simu, washonaji, wachomeleaji wa Kariobangi Light Industries, wapakiaji wa Gikomba. Hawa hula kwa kidole gumba. Msusi hushika nywele kwa kidole gumba na cha shahada kutwa nzima, na jioni kidole kile kile kinahamia kwenye kijiti cha pedi. Akiambiwa na daktari aupumzishe mkono wiki tatu, anasikia kwamba anaambiwa akae njaa wiki tatu. Kwa huyu, mchezo wa jioni ndio sehemu pekee ya siku ambayo anaweza kuipunguza bila kupoteza shilingi.

Afanye nini

Akipata maumivu, jambo la kwanza ni kukipumzisha kidole, si mkono mzima. Gango dogo linaloshikilia kidole gumba na kifundo, linalouzwa katika maduka ya vifaa vya tiba au kutengenezwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, huvaliwa kwa wiki chache na husaidia wengi. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15 kwa mara, hupunguza uvimbe. Dawa kama Brufen na diclofenac hutuliza, lakini watu huzinunua dukani kama peremende. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, au mjamzito asizimeze bila kuuliza. Wala asizimeze mtu ili apate kucheza zaidi. Huko ni kuizima kengele nyumba ikiungua. Kukandwa kwa nguvu na kunyooshwa na mtu wa mtaani kwenye kano iliyovimba hakufai.

Maumivu yakizidi wiki mbili au tatu, aende akaonwe. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ipo huko huko Eastlands, na zahanati ya karibu inaweza kumwandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu. Wako wanaochomwa sindano ya kupunguza uvimbe ndani ya ala, na wengi hupata nafuu. Wachache hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuipanua. Anayeshindwa ghafla kunyoosha kidole gumba, hata kama hakiumi, asingoje wiki mbili. Kano inaweza kuwa imekatika. Hali kadhalika mwenye kifundo chekundu, cha moto na homa.

Kwa upande wa gemu yenyewe, mengi hurekebishika kuliko watu wanavyodhani. PlayStation 4 na 5 huruhusu kubadilisha kazi za vitufe katika mipangilio ya mashine, sehemu ya Accessibility, ili kazi ya kubana ihamie kwenye kidole kisichouma. Gemu nyingi za karibuni zina chaguo la kubonyeza mara moja badala ya kushikilia. Likiwepo, lichaguliwe kabla ya kuanza. Pedi ikae mapajani, viwiko viegemee kitu, kifundo kisipindwe. Na ikiwa pengo limekataa mara tano na jibu linajulikana, isiwe mara ya sita. Mashine isimamishwe, mchezaji anyanyuke, akanywe maji. Mwenye kibanda anayetaka kuuza gemu za mafumbo angefikiria kuziuza kwa saa nzima badala ya dakika. Angepata wateja watulivu na pedi zake zingedumu.

Kabla ya kutoa pesa, weka pedi juu ya kiti bila kuigusa na utazame skrini. Mtu wa kwenye gemu akianza kutembea mwenyewe, omba nyingine. Na ukifika kwa daktari, usione haya kutaja gemu wala usitaje gemu peke yake. Mwambie kazi yako ya mchana, mchezo wako wa jioni, na ni kidole kipi hufanya kazi katika vyote viwili.